Ng'ombe Kumi na Wanane

"Na huo mkanda wako, Stanslaus, umeshonwa kwa mchicha?"

Ukumbi ulicheka. Stanslaus, katibu wa Umoja wa Wasiokula Nyama, alishusha shati kufunika kiuno. Limi, mwandishi wa redio ya mji wa Kahama, alisogeza kinasa sauti karibu na aliyeuliza, Mama Vasanti, mwenye duka la nafaka pale Nyasubi.

Mwezi uliopita redio ilitangaza ugomvi wa umoja huo kwa mzaha: walaji mchicha wararuana. Pande zote mbili zilikwenda kulalamika. Safari hii mhariri, Chacha, alimwonya Limi mapema.

"Dakika tatu huku, dakika tatu kule. Usiongeze chumvi, usimpendelee mtu."

Limi alitaka kumwambia jambo, lakini simu ya Chacha ikalia. Akaondoka nalo.

Ugomvi wa safari hii ulikuwa huu. Mwenyekiti, Mzee Mihayo, alikuwa anamwoza binti aliyemlea, mtoto wa marehemu kaka yake. Wengi ukumbini hawakuwahi kumwona, maana alisomea Mwanza. Mchumba alikuwa Amosi wa Tinde, na ukoo wa Amosi ulikwisha kuandaa mahari: ng'ombe kumi na wanane. Je, mwenyekiti wa wasiokula nyama apokee ng'ombe?

"Akiwapokea atawapeleka wapi?" Stanslaus aliuliza. "Wajomba na mashangazi watagawana, kila mmoja atauza wake mnadani, na mnada unaishia machinjioni. Mwenyekiti wetu atakuwa amekula nyama kwa midomo ya wengine."

"Ng'ombe anakamuliwa, anazeeka, anakufa kifo chake," alisema Mama Vasanti. "Kwetu ndivyo. Nakunywa maziwa tangu nizaliwe, na sijachinja mtu."

"Ndiyo maana nasema, wanywaji maziwa ni walaji nyama wenye haya."

"Afadhali mimi nina hiyo haya, baba!"

Vicheko tena. Limi alitazama saa. Stanslaus alikuwa amepungukiwa nusu dakika, kwa hiyo akamwongezea swali moja ili walingane.

Mwenyekiti, Limi hakumhoji. Hata kumwamkia hakumwamkia. Walikwisha kuamkiana asubuhi. Mzee Mihayo alikaa mbele, akiitazama mikono yake.

"Akatae tu," alisema Stanslaus. "Akikataa, nani atakufa? Binti atapata mume mwingine, tena mwanachama mwenzetu."

"Binti mwenyewe yuko wapi?" Mama Vasanti alidakia.

"Yupo," alijibu Mzee Mihayo. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kikao kianze. "Hakuja kusema."

Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Ishirini na mmoja wakataka ng'ombe wapokelewe, ishirini na mmoja wakakataa. Mwenyekiti akaombwa kura yake. Alisimama, akasema, "Nikipokea, umoja huu unavunjika leo. Nikikataa..." Akakaa bila kumaliza. Mwishowe walikubaliana waisikilize kwanza taarifa ya redio kesho yake, kila upande usikie hoja za mwenzake kwa utulivu, ndipo wapige kura upya jioni.

Limi alipotoka nje alimpigia simu baba yake Amosi, kwa kuwa naye alikuwa na haki ya kusikika.

"Wasipopokea, hakuna ndoa," mzee alisema. "Kwetu Wasukuma, mwanamke asiyetolewa ng'ombe, watoto wake ni wa kwao. Na msiniletee habari za pesa. Mwanangu anaoa, hanunui pikipiki."

"Na Amosi mwenyewe anasemaje, baba?"

"Amosi ni mwanangu. Atasema nini?"

Limi aliandika jibu hilo neno kwa neno. Akamshukuru, akakata.

Usiku ule alisikiliza sauti zote mara nne. Mahali Stanslaus alipokohoa, alipunguza kikohozi, wasije wakasema amemfanya aonekane mgonjwa. Mahali watu walipomcheka kwa ajili ya mkanda, aliviondoa vicheko. Halafu akaondoa na vile alivyochekewa Mama Vasanti.

Asubuhi Chacha aliisikiliza taarifa mpaka mwisho, macho kwenye saa ya ukutani.

"Tatu, tatu, na mzee wa Tinde moja," alisema. "Safi sana, Limi. Hata mimi sijui wewe uko upande gani."

"Asante, kaka."

"Lakini haijakamilika. Watu wazima wote wamesema juu ya huyu binti, binti hayumo. Anamtaka huyo Amosi, au hamtaki? Watu wanapiga kura juu ya maisha yake na hatujui hata jina lake. Mtafute. Nimekuachia dakika mbili kwenye habari za saa saba."

"Nitampata," alisema Limi.

Aliingia studio, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha mgeni, akawasha kinasa sauti.

"Mimi ndiye binti huyo," alisema, kisha zile dakika mbili zikapita, mashine ikinasa pumzi zake tu.