Siku Aliyoitoa Genoveva

Kila mtu mzima mjini Morogoro alikuwa na siku moja tu kwa mwaka ya kutoka nje ya majengo. Vijana hawakuwa na hata moja, mpaka mtu mzima awape yake. Genoveva Mkude, fundi cherehani wa ghorofa ya tisa, aliitoa siku yake kwa chama kinachowapeleka vijana kwenye milima ya Uluguru. Aliitoa kwa moyo mweupe.

Wiki mbili baadaye mama yake akafariki. Makaburi yalikuwa nje, chini ya milima.

Genoveva alishuka mbio hadi ofisi ya chama.

“Pole sana, mama,” katibu alisema. “Lakini siku ikishatolewa hairudi. Binti aliyepewa anaondoka nayo kesho.”

“Kesho ndiyo namzika mama yangu!”

“Naelewa. Nimweleze huyo binti?”

Genoveva aligeukia mlango. “Usimwambie. Mwache afurahi.”

Kesho yake jioni binti huyo, Zuhura, alikuja kumshukuru, miguu imejaa vumbi jekundu.

“Shangazi, nimeoga mtoni! Maji ya baridi, sijapata kuona!”

“Njiani mlipita makaburini?”

“Tulipita. Kulikuwa na wachimba kaburi wanne tu, wanafukia. Tukasema, maskini, marehemu huyu hakuzaa?”

Genoveva aliweka beseni la maji chini, miguuni pa binti.

“Alizaa mmoja,” alisema. “Nawa, unanichafulia sakafu.”