Memori Mpya za Bei Rahisi

Nilipewa kazi ya kutafsiri kwa sababu katika karakana yetu ya Nakawa ni mimi tu niliyesoma chuo.

Mwekezaji wa kigeni aliyekuja kututembelea alisema, kwa Kiingereza chake cha mbio, kwamba memori mpya za kompyuta sasa zitauzwa rahisi kuliko hizi kuukuu tunazozifufua. Alikuwa na furaha ya kweli. Mwezi ujao zinaingia, na meza za kusafishia zitaondolewa. Mimi nitahamishiwa dukani.

Wanawake saba walinitazama. Kulusum, mmoja wao, aliyenifundisha kazi, aliendelea kusugua meno ya dhahabu ya memori kwa kifutio cha penseli, taratibu, kama anayemsafisha mtoto masikio.

"Anasema nini, nyabo?" akaniuliza. "Anacheka hivyo, ametuongezea mshahara?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Anasema memori zitakuwa rahisi," nikaanza kujibu.

"Mungu ashukuriwe!" Kulusum akanikatiza. "Tumpigie makofi mgeni!"

Wakapiga makofi, wote saba. Mwekezaji akaweka mkono kifuani na kuwainamia.

Mikono yangu peke yake ilibaki mapajani.

"Hajati, ngoja," nikamwambia Kulusum. "Sijamaliza."