Mechi ya Kushika Mkia

Sheria ilisema mtaa ambao timu yake ya kikapu inashika mkia ndio uchague daktari kwanza. Walioitunga hutibiwa ng'ambo.

Mtaa wa Gongoni ulikuwa katika mwaka wa sita bila daktari. Kocha Zamaradi angeweza kumtoa mkwewe Nuhu, mfungaji wake bora, ahamie mtaa wa Mkwajuni, naye apewe mkunga wao. Lakini mchezaji akihamishwa harudi, na mkewe Nuhu alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Mama, tufungwe tu," Nuhu alisema. "Kukosa kikapu kunataka kipaji gani?"

Zamaradi akakubali. Mkwajuni nao, walio mkiani pamoja nao, walikuja kwenye mechi ya mwisho na nia hiyohiyo. Sifuri kwa sifuri, mashabiki wakishangilia kila mpira uliokosa. Zilipobaki sekunde tatu, mchezaji wa Mkwajuni aligeuka, akaujaza mpira kwenye kikapu cha timu yake mwenyewe.

Gongoni wakawa wameshinda. Zamaradi hakuthubutu kutazama jukwaani, alikokaa bintiye.