Maziwa ya Donatien

Débora hakubishana bei. Wanawake wa soko la Mudzipela, mjini Bunia, walishangaa, maana walimjua: kwa sukari, kwa makaa, hata kwa kiti cha plastiki, alivutana na muuzaji mpaka mmoja wao achoke. Lakini siku aliyokwenda pembeni ya mji kuwaona ng'ombe wa mfugaji Donatien, kama afanyavyo kila mnunuzi wa maziwa aliye mwangalifu, aliwatazama mmoja mmoja, akawatazama tena, kisha akakubali bei ya kwanza aliyotajiwa.

Alikuwa amekimbia mashambulizi ya Bule, akafika Bunia kwa miguu, kitenge kimoja mwilini na kingine mkononi. Mume wake hakufika. Watu walipomuuliza, alijibu kwamba mumewe alibaki kule na ng'ombe wao, na sauti yake haikupanda wala kushuka, kama mtu anayeeleza hali ya barabara. Hakulia kwenye kambi ya wakimbizi. Hakulia alipopata chumba cha kupanga. Alinunua sufuria, akaanza kugandisha maziwa na kuyauza kwa vikombe.

Miaka ikapita, kibanda kikawa duka lenye frigo la kupozea maziwa. Kila asubuhi Donatien alileta bidoni ya maziwa kwa pikipiki, na kila asubuhi Débora alimpa kiti na chai. Wachuuzi wengine walimjia na maziwa ya bei nafuu. Akawakatalia kwa upole. Donatien alichelewa, akalewa, safari nyingine akachanganya maziwa na maji. Hakufukuzwa.

Basi Immaculée, kiongozi wa chama cha akina mama, akamwomba Débora aje azungumze na wakimbizi wapya waliotaka kuanza biashara. Wakaketi kwenye mabenchi ya kanisa, wakataka kujua yeye aliyefika bila kitu alifanyaje mpaka akasimama.

"Mutu mwenye kukuletea mali, usimuulizeulize," Débora aliwaambia. "Ukimuogopesha, atakimbia. Mupe kiti. Mupe chai. Umuzoeze polepole, mpaka akuone sawa ndugu yake."

Mmoja aliuliza mtu avumilie hivyo mpaka lini.

"Mpaka siku yeye mwenyewe atakuita."

Wakapiga makofi. Débora akarudi kuketi, akatazama mikono yake.

Mvua zilipoanza, Donatien alikuja akanywa chai yake, kisha akamwambia kwamba anauza ng'ombe wote. Rafiki zake walikuwa wamepata shimo la dhahabu huko Mongbwalu, naye anaondoka wiki hiyohiyo. Hao ng'ombe, alisema, ni urithi wa baba yake, na roho ilimuuma kuwapeleka wote kwa wachinjaji. Débora amekuwa kama dada kwake. Aje achague wawili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Débora alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akapanda nyuma ya pikipiki.

Zizini Donatien alimwonyesha mitamba wanene, akasifu miguu yao, akasifu migongo yao. Débora hakuwaangalia. Aliegemea ua wa miti, akaita jina, wala si kwa nguvu:

"Matabishi."

Ng'ombe jike mweusi, mzee, aliyekuwa nyuma ya wenzake wote, akainua kichwa. Akapenya katikati yao, akaja mpaka kwenye ua, akaanza kulamba kiganja cha Débora.

Donatien alirudi nyuma hatua moja. Aligeuka akatazama barabara, akarudisha macho kwa yule mwanamke, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuweza kumtazama machoni.

"Usiogope, Papa Donatien," Débora alisema, kwa sauti ileile aliyomkaribishia chai kila asubuhi. "Ngombe baki nazo. Unionyeshe tu fasi, pale mulimuzika bwana yangu."