Ringi ya Bondeni

Tope la mlimani lilipoifukia shule ya bondeni, watoto wa chekechea walihamishiwa shule ya juu. "Ni kwa muda tu," mkuu wa shule, Mwalimu Kibwana, alimwambia mwalimu wao, Tunu. Aliyarudia maneno hayo mara nyingi mno, hata Tunu akaanza kumtilia shaka.

Asubuhi moja kengele ikagongwa, na Tunu akainua kichwa. Mlio ule wa kukwaruza aliujua. Ilikuwa ringi ya lori iliyopasuka ukingoni, aliyokuwa akiigonga mwenyewe kule bondeni. Sasa ilining'inia kwenye nguzo mpya, na zege chini yake lilikuwa bado bichi.

"Mwalimu, hii si ringi yetu?" akamuuliza Kibwana, aliyesimama kando ya nguzo.

"Tuliiokota topeni. Kwani kengele ina mwenyewe?"

"Na zege la nini, kama ni kwa muda?"

Kibwana akacheka, akatazama saa. "Ingiza watoto darasani, mwalimu."

Tunu akageuka. Watoto nao walikuwa wameisikia. Walikuwa wamejipanga mstari, kila mmoja mkono begani kwa mwenzake, kama walivyozoea. Ila darasa walikuwa wamelipa mgongo. Walielekea getini, kwenye njia ya bondeni, na wa mbele alikuwa akihangaika na komeo.