Wanalingana

"Umelichana tena?"

Fundi cherehani alilinyanyua gauni la shule la bintiye kwa vidole viwili, kama aliyeokota panya mfu.

"Limenaswa na seng'enge, mama."

"Seng'enge ilikufuata darasani?"

Siku ilikuwa imeamka na kisirani. Uzi ulikatika, sindano ikavunjika, wateja nao walimjia juu, kila mmoja akitaka yake itangulie. Na sasa huyu mtoto, kama vile mamake ana mikono minne!

Ndipo akaingia yule mteja wake mpole, mwanamke wa maneno machache. Tangu binti wa fundi aanze darasa la kwanza, kila shule zilipokaribia kufunguliwa alileta gauni moja, lile lile.

"Shusha upindo, dada. Ameongezeka kimo."

Fundi akaligeuza huku na huku. Halikuwa na doa, wala kiraka, wala kifungo kilicholegea.

"Mwenzangu una bahati," alisema. "Wako katulia kama maji ya mtungini. Huyu wangu ni adhabu. Tubadilishane basi, walau wiki moja nipumue!"

Mwanamke alitabasamu, akainamisha macho.

"Ila upindo umekwisha," fundi aliendelea. "Hapa ni kushona jipya tu. Mlete nimpime."

"Mpime wako. Wanalingana."

Binti akaitwa, akaja akiburuta miguu. Mwanamke akaomba kushika ncha ya tepu. Fundi alipima mabega, kifua, urefu hadi magotini, huku akimgombeza mtoto asimame wima. Alipomaliza, vidole vya mgeni vilikuwa bado begani mwa mtoto.

"Mbona una hakika hivyo, dada? Wanasoma pamoja?"

"Walizaliwa siku moja."

"Ala! Wapi?"

"Wodi moja. Nilikuwa kitanda jirani na chako. Huwezi kunikumbuka, ulizungukwa na wageni."

Fundi akacheka, akapiga makofi. "Kumbe tulizalishwa na mkunga mmoja! Na hukuniambia miaka yote hii?"

Mwanamke hakucheka. Alimwachia mtoto taratibu.

"Wako alilia usiku kucha. Ukamlalamikia muuguzi kwamba hulali. Mimi nilijifunika shuka, nikaomba mtoto wako asinyamaze," alisema. "Wangu hakulia kabisa."