Shubiri Kumi na Moja

Daktari alimwambia Riziki aweke kumbukumbu ya kila siku, ili wajue kama sonona inamwachia. Daftari lilimshinda siku ya tatu. Akaamua kusuka ukili, ule utepe wa miyaa ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, kazi ambayo mikono yake iliijua hata akiwa kitandani: siku iliyomlemea, shubiri moja ya miyaa myeusi, siku aliyoinuka mwenyewe, shubiri moja ya myeupe.

Asubuhi hiyo wifi yake, Mashavu, aliingia na kicha cha miyaa myeusi, kama alivyozoea kumletea kila Jumatatu.

"Wifi, myeusi yote hii ya nini?" Riziki alifoka. "Nani kakutuma?"

Mashavu aliduwaa mlangoni. Miezi saba ilikuwa imepita bila kumsikia Riziki akigombeza mtu. Riziki naye akaisikia sauti yake mwenyewe. Akavuta kapu, akaukunjua ukili wote sakafuni, ukatambaa toka kitandani hadi miguuni pa Mashavu. Mwanzo ulikuwa mweusi tii. Katikati weupe uliingia, ukapotea, ukarudi. Shubiri za mwisho zilikuwa nyeupe tupu, na hakuwa amewahi kuzihesabu.

"Kumi na moja," alisema, kidole kikiwa kwenye shubiri ya mwisho. "Wifi, kumi na moja, na wewe umenyamaza tu?"

"Nilidhani unajua," Mashavu alijibu, akilia na kucheka.

Riziki alikuwa keshawasha jiko. Aliteleka sufuria ya maji, akamimina rangi nyekundu, kwa siku kama hii ambayo nyeusi na nyeupe hazikuitosha. Kile kicha cheusi hakukitupa. Alikitundika msumarini, pale mkono unapofika. Kisha wakainama wote wawili juu ya sufuria, kila mmoja na mwaa mweupe mkononi, wakingoja maji yachemke.